Nyanya Aliyesema Ameshiba

Mutunga alikuwa mtu wa reli. Kazi yake pale stesheni ya Emali ilikuwa kubadilisha njia za treni na kusimama kando ya reli na bendera, ya kijani au nyekundu, na watu wa mji walimjua kwa ukimya wake kuliko kwa jina lake. Alimjibu kila aliyemsalimu, kisha akaenda zake. Aliyeongea kwa niaba ya nyumba nzima alikuwa mkewe, Nzilani. Yeye alikuwa na kibanda cha chai na maandazi ng'ambo ya barabara ya Mombasa, na hapo ndipo zilipopitia habari zote za Emali, za ng'ombe, za malori, za harusi na za misiba.

Kuna jambo moja tu ambalo Nzilani alikuwa ameacha kuuliza. Mumewe alikuwa na dada huko Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, jina lake Mbula. Tangu mwaka wa njaa kubwa, themanini na nne, hawakuwa wamesemezana. Jina hilo halikutajwa nyumbani. Mtoto wao wa kwanza, Muli, alikua akidhani baba yake alizaliwa peke yake.

Mwaka wa tisini na tatu, Hared Aftin alikuwa na chumba cha video nyuma ya duka lake pale Emali. Hared alikuwa ametoka upande wa Garissa baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Alianza kwa kununua ngozi, akafungua duka, kisha ile stoo ya ngozi akaitia mabenchi, televisheni, deki na jenereta. Harufu ya ngozi haikutoka kamwe. Watu waliingia humo kuangalia karate na sinema za Kihindi, hasa siku ya mnada, wachuuzi wakishamaliza kuuza na hawajataka kurudi nyumbani.

Asubuhi moja alikuja Mwalimu Chizuru. Huyu alikuwa Mjapani aliyejitolea kufundisha sayansi katika shule ya wasichana huko ndani Makueni. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno mahali pake, hata watu walimsimamisha sokoni ili tu wamsikie akisema "ningependelea". Mama yake alikuwa amemtumia kaseti ya video kutoka Japani, na shuleni kwake deki haikuwepo.

"Mzee Hared," alisema, "naomba kuiangalia hapa kwako sasa, wakati hakuna wateja."

"Ni sinema ya aina gani?"

"Ni katuni."

Hared alicheka. "Mwalimu mzima na katuni?" Lakini alienda kuwasha jenereta.

Abdiya, mke wa Hared, aliwaletea chai, akakaa mwisho wa benchi akisema moyoni kwamba ataangalia kidogo tu. Kijapani hakujua hata neno moja. Aliona kijiji kilichochorwa mlimani, na kitu cheupe kikianguka kutoka mbinguni, akadhani ni majivu. Aliona nyumba ya mbao, nyanya mzee, wajukuu wawili, msichana na kaka yake mdogo, na baba yao akiondoka na sururu begani kwenda kuchimba njia ya reli ndani ya mlima. Kile kitu cheupe kikazidi, kikafunga barabara. Chakula ndani ya nyumba kikaanza kupungua. Hayo Abdiya aliyaelewa bila kuambiwa.

Ikafika mahali ambapo nyanya alichukua bakuli lake, akageukia ukuta, na vijiti vyake vya kulia vikasikika vikigonga bakuli, ko, ko, ko.

"Mwalimu, huyu mama anakula akiangalia ukuta kwa nini?"

"Hali chochote," Chizuru alisema. "Bakuli ni tupu. Anataka watoto wasikie vijiti, wafikiri anakula."

Abdiya alishika ukingo wa mtandio wake akauweka mdomoni. Kaseti ilipofika mwisho Hared aliingia akamkuta mkewe analia kimya, na mwalimu amekaa kando yake hajui afanye nini.

"Mama yangu alifanya hivyo na kikombe cha maziwa," Abdiya alimwambia mumewe. "Wakati wa ukame. Alikuwa anakunywa hewa, anajifuta mdomo."

Hared hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite. Siku ya mnada alimwomba mwalimu asimame kando ya televisheni atafsiri. Wachuuzi walipoona ni michoro walipiga kelele. Aliyewazidi wote alikuwa Ndululu, mchuuzi wa mbuzi mwenye sauti ya kuita mifugo. "Katuni ni ya watoto! Hared, weka karate ama uturudishie pesa!"

Chizuru aliendelea kutafsiri kwa kile Kiswahili chake safi. Nyanya anasema, "Kuleni, wajukuu zangu, mimi nimekwisha kushiba." Msichana anagundua bakuli ni tupu. Nyanya anaweka kidole midomoni, anatabasamu, kana kwamba ni mchezo wao wawili. Kelele za wachuuzi zikapungua, zikaisha. Jenereta tu ndiyo ikasikika.

Ndululu alitoka kabla ya mwisho. Watu walidhani ameenda kukojoa. Hared alipotoka kutia petroli alimkuta amesimama nyuma ya ukuta, kofia imefunika uso.

"Nini, Ndululu?"

"Moshi wa jenereta yako," alisema Ndululu.

Mnada uliofuata alirudi na mke wake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hared hakubandika tangazo lolote. Watu waliambiana. Walikuja kutoka Sultan Hamud na Kibwezi. Wamasai wa upande wa Loitokitok waliacha ng'ombe wao nje wakaingia. Akina mama wa kanisa, ambao mchungaji wao alikuwa amehubiri dhidi ya chumba kile, walikuja wakiwa wamejifunika leso, na wiki iliyofuata mchungaji mwenyewe alikaa benchi la mbele. Mwanamke mmoja alitoka Matinyani, huko karibu na Kitui, akalala kwa jamaa yake Emali, akaiangalia siku mbili mfululizo. Jina la filamu hakuna aliyeweza kulitamka. Waliiita ile ya nyanya aliyesema ameshiba.

Mwalimu Chizuru alishangaa kuliko wote. "Kwetu watu walipanga foleni mpaka barabarani," alimwambia Hared siku moja dukani. "Halafu ikaenda Ufaransa, ikaenda Brazili, kote ni hivyo hivyo. Wanaoandika magazetini wanabishana. Mmoja anasema ni uzuri wa rangi. Mwingine anasema ni muziki. Mimi nilifikiri ni kwa sababu ya theluji yetu, na hapa hakuna theluji."

Hared alikuwa anafunga sukari kwenye karatasi. "Mwalimu, nikiona Mhindi analia kwenye sinema, najua ni Mhindi, na najua amelipwa. Lakini huyu wa kuchorwa si mtoto wa mtu. Kwa hivyo kila mtu anamchukua awe wake."

Nzilani aliiangalia na akina mama wa soko. Jioni ile alipika, akapakua, akakaa bila kusema neno, mpaka Mutunga akainua macho. Mke wake kukaa kimya kulimtia wasiwasi.

"Kuna nini, Mama Muli?"

"Nenda kwa Hared uone ile filamu."

"Ile katuni?"

"Baba Muli, sijawahi kukuomba kitu kama hiki. Nenda uone."

Alienda akiwa bado na nguo za kazi. Hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, mkono kwenye nguzo. Alimwona baba wa filamu akichimba mlima, na mwanzoni alifurahia kuona wanavyotandika reli. Alimwona nyanya na bakuli lake. Majira yakabadilika, theluji ikayeyuka, barabara ikafunguka, na yule baba akapanda mlima akikimbia, gunia la mchele mgongoni. Alikuta nyanya amekwisha kuzikwa. Akamshika bintiye mabegani, akamtikisa, na Mwalimu Chizuru akatafsiri: "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukumwambia mtu yeyote?" Msichana alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Alikuwa ameitunza ile siri mpaka sauti ikamwisha.

Mutunga hakusubiri zaidi ya hapo. Alirudi stesheni, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, na treni ya mizigo ilipopita alisahau kuinuka.

Mwaka ule wa themanini na nne Wakamba waliuita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika: pesa unazo mkononi na hakuna cha kununua. Mutunga alikuwa na mshahara. Alikuwa pia na bendera. Mahindi ya manjano kutoka ng'ambo yalishushwa bandarini Mombasa, na treni za magunia zilipita Emali zikielekea Nairobi, behewa baada ya behewa, naye alisimama pale akizipungia kijani zipite. Siku alipofanikiwa kupata gunia moja la unga, alilipandisha lori mpaka Kibwezi, akatafuta lingine la kuvuka Athi, akafika Ikutha na kukuta watu wamekaa uani kwao bila kuongea. Mama yake alikuwa ndani, amefunikwa shuka.

Mbula alikuwa mjane, na alikuwa amerudi kukaa kwa mama yao na watoto wake. Watoto walikuwa wamekonda, lakini walisimama, walitembea, mmoja alikuwa hata anacheza na kijiti mchangani. Majirani walimnong'oneza Mutunga kwamba mama yake alikuwa akiwapa chakula chake. Baada ya maziko, mbele ya watu wote, Mutunga alimgeukia dada yake.

"Ulikuwa unapika wewe," alisema. "Ulikuwa unaona. Watoto wako wamemla mama yangu."

Aliacha gunia la unga mlangoni, akaondoka.

Sasa aliomba ruhusa kazini, akafunga safari ya Ikutha. Nzilani alimfungia sukari na majani ya chai. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Mwisho aliamua kwamba hatasema mengi. Atamwambia Mbula waende Emali, wakae pamoja kwenye benchi la Hared, filamu iseme.

Alimkuta amekaa nje ya nyumba, ungo mapajani, anachambua mbaazi. Nywele zilikuwa nyeupe. Mutunga alisimama mbele yake, na Mbula hakuinua uso.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

Vidole vilisimama juu ya mbaazi. "Mimi ni nani?"

"Mutunga."

Alizisogeza mbaazi katikati ya ungo. "Kiti kiko mlangoni. Kama hakijahamishwa."

Hapo ndipo Mutunga alipotazama macho yake, akaona ukungu mweupe umeyafunika yote mawili. Alitafuta kiti akakaa.

"Tangu lini, Mbula?"

"Yalianza pole pole. Mwaka wa nne sasa sioni hata jua."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nani angekuambia?"

Mutunga aliangalia mikono yake. Maneno yote ya benchi la Hared yalikuwa yamekufa. Alisema tu kwamba kuna filamu Emali, ya kuchorwa, na alikuwa amekuja kumchukua aione.

Mbula alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Umekuja kumwalika kipofu sinema." Kisha akasema, "Haya, niambie. Macho sina lakini masikio ninayo."

Kwa hiyo Mutunga, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisimulia kitu, alimsimulia dada yake ile filamu. Alianza na mlima. Theluji alishindwa kuieleza, akasema ni kama ukungu wa asubuhi unaoanguka na kukaa. Alieleza baba anavyoondoka. Alieleza vijiti na ukuta, akagonga ukingo wa kiti kwa kucha ili Mbula asikie ule mlio.

"Mama hakugeukia ukuta," Mbula alisema.

Mutunga aliacha kugonga kiti.

"Mama alikuwa anatoka nje. Alichukua nzele yake, kile kibuyu cha uji, akasema jikoni kuna joto, anaenda kunywea kwenye upepo. Siku moja nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya ghala, anamimina uji wake kwenye kikombe cha mwanangu Nzuki. Alikificha pale chini ya gunia, mtoto akitoka kucheza akipate. Nilimwambia, mwaitu, mama yangu, unafanya nini? Akaniapisha. Aliniapisha kwa titi nililonyonya, Mutunga. Akasema, ukimwambia mtu, Mutunga atasikia, ataacha kazi aje kukaa hapa, na akiacha kazi tutakufa wote."

"Mimi?"

"Siri ilikuwa ya kukuficha wewe. Wengine walikuwa wanaona wenyewe."

Kuku alipita kati yao akidonoa mbaazi zilizoanguka. Mutunga hakumfukuza.

"Nilikuambia neno baya siku ile," alisema.

"Ulisema watoto wangu wamemla."

"Nilisema."

"Mimi ningelisahau hilo neno. Mimi ni mtu mzima, najua mtu aliyefiwa anasema chochote. Lakini Nzuki alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika nguo yangu. Alisikia." Mbula alianza tena kuchambua, polepole. "Tangu siku ile hakula nyumbani tena mbele ya mtu. Nikimpa sahani anaondoka nayo. Nikimfuata, anakimbia. Wenzake walimcheka shuleni. Alipopata ndevu za kwanza aliondoka. Nilisikia yuko Voi, anakata mkonge. Wengine wanasema alienda Mombasa. Sijui. Mimi siwezi kumtafuta, na dada zake wameolewa mbali."

Mutunga alilala Ikutha siku ile kwenye nyumba ya mama yake, na asubuhi aliondoka bila kungoja chai.

Watu wa reli wanajuana. Aliuliza magadi wa treni, akauliza mafundi, akawaomba wenzake wa Voi waulize mashambani. Habari ilikuja kwamba kuna Mkamba kijana kwenye shamba moja la mkonge, mpole, asiyekula na wenzake. Mutunga alipanda treni akateremka Voi, akatembea katikati ya mistari ya mkonge hadi alipowakuta wakataji wamepumzika saa sita. Wote walikuwa wamezunguka sufuria moja ya ugali. Mmoja alikuwa amekaa mbali, chini ya trela, amewapa mgongo. Kwa namna alivyoinamisha shingo, Mutunga alimwona mama yake.

"Nzuki."

Kijana aligeuka, akasimama haraka, akafuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mjomba."

Hata hasira hakuwa nayo. Hilo lilimuumiza Mutunga kuliko matusi.

Walikaa. Mutunga alimwambia kwamba ametoka Ikutha, kwamba amesikia yote, ya nzele na ya ghala. "Nilikosea," alisema. "Hukumla mtu. Ulikuwa mtoto, na hukujua."

Nzuki alikuwa anang'oa mwiba wa mkonge kiganjani. Hakuinua kichwa.

"Nilijua, mjomba."

"Ulijua nini?"

"Nilijua uji ule kikombeni ni wa susu, wa nyanya. Nilikuwa namwona akikiweka. Yeye alidhani simwoni." Mwiba ulitoka, akautazama. "Siku ya kwanza nilikiacha hapo mpaka jioni. Siku ya pili nilikunywa. Halafu nikawa nangoja aondoke tu. Nilikuwa namwangalia susu anakonda, na nakunywa. Kwa hivyo ulichosema hukukosea."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na njaa," Nzuki alisema.

Mutunga hakuondoka. Alikaa kando ya mpwa wake chini ya lile trela mpaka msimamizi akapiga filimbi ya kurudi kazini. Nzuki aliposimama, Mutunga alimshika mkono wa shati.

"Mama yako amepofuka."

Kijana alibaki na panga mkononi. "Kabisa?"

"Kabisa. Hajui kama uko hai."

Hawakusubiri likizo ya Krismasi. Walifika Ikutha mwisho wa wiki ile ile, mchana, jua kali, wote wawili wamejaa vumbi. Mbula alisikia hatua za watu wawili akauliza ni nani huyo mwingine, na hakuna aliyejibu. Nzuki alipiga magoti mbele yake, akachukua mikono yake akaiweka usoni mwake. Vidole vya Mbula vilipita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, vikashuka kwenye ndevu vikasimama.

"Zimejaa," alisema. Hakulia bado. "Umekula?"

Mutunga, aliyekuwa mlangoni, alimwona kijana akimeza mate.

"Bado, mama," Nzuki alisema. "Nina njaa."

Mbula aliinuka mwenyewe, akakataa kushikwa, akapapasa ukuta mpaka jikoni. Mutunga aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mama yake. Lilikuwa limedidimia, na nyasi zimelifunika. Alipiga magoti akaanza kuzing'oa kwa mikono. Alilia huko, kwa mara ya kwanza tangu amzike, na alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu asiyejua jinsi ya kulia. Kutoka jikoni walimsikia. Walimwacha.

Mwalimu Chizuru alimaliza muda wake mwaka ule. Siku ya kuondoka alipita kwenye kibanda cha Nzilani kuaga, akamkuta Mutunga anakunywa chai. Nzilani alikuwa amemweleza habari zote, kwa hiyo mwalimu alimuuliza Mutunga kwa upole, kama mwanafunzi, kwa nini alidhani watu wa kila nchi waliipenda filamu ile.

Mutunga alifikiri. "Mwalimu, watu hawamlilii yule nyanya," alisema. "Nyanya aliamua mwenyewe. Kila nyumba ina mtu aliyekula cha mwenzake ndiyo akaishi. Ametembea na siri hiyo peke yake. Akiingia pale kwa Hared, giza, anamwona yule mtoto. Basi."

"Lakini katika filamu mtoto anapata sauti yake tena," Chizuru alisema. "Mwisho kabisa. Wewe hukuona mwisho. Anamwambia baba yake, 'Nyanya alisema ameshiba, nami nilitaka iwe kweli.'"

Mutunga aliweka kikombe chini. Nzilani aligeuka akajishughulisha na moto.

"Hiyo sikuiona," Mutunga alisema.

Mbula aliishi hadi mvua za mwaka uliofuata. Malaria ilimchukua kwa muda mfupi. Nzuki alikuwa akija nyumbani kila alipopata likizo. Mara nyingine alikula na watu, mara nyingine alichukua sahani akatoka nayo, na mama yake alijifunza kutomwita. Alipofariki, Mutunga na Nzuki walichimba kaburi wao wenyewe, kando ya lile la mama yake Mutunga. Vijana wa kijiji walikuja kusaidia wakaambiwa wapumzike. Ardhi ya Ikutha ni ngumu hata ikinyeshewa. Mjomba akichoka alimpa mpwa sururu, mpwa akichoka akamrudishia, na kazi ikaendelea hivyo. Walipofika kina cha kifua, Nzuki alimwambia Mutunga atoke, yeye ni mzee, atamalizia peke yake. Mutunga alikataa. Alibaki humo ndani, akipokea udongo kwenye karai na kuuinua juu, mpaka jua likaegemea upande wa Athi na akina mama wakaanza kuimba uani.